Jino Lililochukia Ngazi

Kila mtaa una mtu wake wa kuuliza maswali, na katika mtaa ule mtu huyo alikuwa fundi vitasa. Walimwita Bi Funguo. Duka lake lilikuwa upenyo tu kati ya kinyozi na muuza viatu, upana wa mlango mmoja na nafasi kidogo ya kugeuzia kiuno. Ndani mlikuwa na jiliwa la kubania vyuma, tupa za kila aina, mashine ya kuchongea funguo iliyolia kama paka aliyekanyagwa mkia, na ukuta mzima wa funguo zisizo na meno bado, zinazosubiri wenyewe. Kazi aliirithi kwa baba yake. Udadisi hakuna aliyejua aliutoa wapi.

Mtu akimletea kufuli iliyogoma, Bi Funguo hakuridhika kuifungua. Alitaka kujua ilifungwa mara ya mwisho na nani, kwa mkono upi, na kama mvua ilikuwa inanyesha. Wateja wengine waliguna, wengine walicheka, lakini wote walijibu, maana ufunguo ulikuwa mkononi mwake.

"Ungekuwa hakimu wewe," mumewe alizoea kumwambia, "watu wangekiri makosa mapema ili wawahi chakula."

Mumewe ndiye yule kinyozi wa jirani. Walianza kwa kuazimana kiti, wakaishia kuoana, na walipokwisha oana wakatoboa kidirisha kwenye ukuta uliotenganisha maduka yao. Kupitia kidirisha hicho vilipita vikombe vya chai, habari za mtaa na ugomvi mdogo mdogo, asubuhi hadi jioni.

Shida ilianzia kwenye taya. Siku hiyo Bi Funguo aliitwa kwenye jengo la ghorofa ambako mpangaji mmoja alikuwa amejifungia nje na chungu kiko jikoni. Lifti ilikuwa mbovu. Akapanda ngazi mbio mbio na mfuko wa vifaa begani, na kabla hajafika juu, taya la kushoto likaanza kuuma. Maumivu mazito, kama mtu aliyemshika kidevu akawa anakiminya polepole. Alipopiga goti mbele ya mlango na kuanza kazi, yakapungua. Mlango ulipofunguka na moshi kutoka, hakuwa na maumivu tena.

Akadhani ni jino. Na nani asingedhani hivyo? Akaweka karafuu. Lakini maumivu yalirudi aliposukuma mlango wa chuma wa duka asubuhi, yakarudi alipopanda kilima cha kwenda sokoni, na kila mara aliposimama, nayo yakaondoka. Kwa kinyozi kila mteja alikuwa na dawa yake. Mmoja akasema asukutue kwa maji ya chumvi, mwingine akasema ling'olewe tu, yaishe. Pia kulikuwa na uchovu, lakini huo hakumtajia mtu. Mwanamke wa umri wake anayefanya kazi kutwa, akachoka, hiyo nayo ni habari?

Akaenda kwa daktari wa meno, mzee mpole mwenye miwani iliyomteleza puani. Daktari akamgonga jino moja moja kwa kijichuma, akampulizia hewa, akampiga picha, kisha akakaa kitako na kumtazama.

"Linauma lini hasa, mama?"

"Nikipanda ngazi."

"Na ukila?"

"Nikila haliumi."

"Maji ya baridi?"

"Haliumi."

Daktari akavua miwani. "Mama, nimetibu meno maisha yangu yote. Jino halijui ngazi. Meno yako ni mazima, sitayagusa. Nenda ukapimwe moyo, na usikawie."

Bi Funguo alitoka pale amenuna. "Nimeingia na taya," alimwambia mumewe kupitia kidirisha, "nimetoka na moyo." Kinyozi alicheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Akaweka mkasi chini, akamwomba radhi mteja aliyekuwa amenyolewa upande mmoja tu, akazunguka kwa mlango wa mbele, kitu ambacho hakufanya mara nyingi siku za kazi.

"Kesho tunakwenda," alisema. Hakuongeza neno, na kwa kinyozi yule, kunyamaza kulikuwa dalili mbaya kuliko homa.

Daktari wa moyo alikuwa mtu wa sauti ya chini, anayepima maneno kabla ya kuyatoa. Kipimo cha umeme wa moyo, Bi Funguo akiwa amelala, hakikuonyesha kasoro. Kinyozi akashusha pumzi. Daktari hakushusha.

"Moyo umepimwa ukiwa umepumzika," alisema, "na taya lako halilalamiki ukiwa umepumzika. Inabidi tuutazame ukiwa kazini. Wengine tunawakimbiza kwenye mkanda wa mashine, lakini hilo goti lako..."

"Goti limekwisha," Bi Funguo alikubali. Miaka ya kupigia goti vitasa vya watu ilikuwa imelimaliza.

"Basi tutakupima kwa MRI. Ni mashine ya sumaku. Utalala tu, tutakupa dawa ya kuufanya mwili ujione kama unapanda ngazi, na tutapiga picha za moyo wakati huo huo."

Macho ya Bi Funguo yakapanuka. Mumewe alimfahamu mtazamo ule. Ndio aliokuwa nao alipoletewa kufuli asiyowahi kuiona.

"Sumaku inapigaje picha, daktari? Mimi nina sumaku dukani, inaokota chenga za chuma tu."

"Mwili umejaa maji, mama. Sumaku yenye nguvu nyingi sana inayafanya yale maji yatii, kisha tunayashtua kwa mawimbi kama ya redio, nayo yanajibu. Kompyuta inakusanya majibu na kuyafanya picha."

"Kwa hiyo mtaona mshipa ulioziba."

"Hapana. Wengi hudhani hivyo." Daktari akachukua kalamu, akachora duara nene. "Huu ni ukuta wa moyo, nyama yenyewe. Mishipa inayoulisha ni myembamba, nayo moyo hautulii. Kwa hiyo kipimo hiki hakifukuzani na bomba. Kinatazama shamba. Tunatia dawa inayong'aa kwenye damu, tunaangalia inavyofika. Kipande kikichelewa kupata maji, tunajua mfereji wake una walakini."

Bi Funguo alilitazama lile duara kwa muda. "Na kwa nini taya? Moyo uko huku, taya liko huku."

"Nyaya za fahamu za moyo na za taya hupita njia moja kwenda kwenye ubongo. Ubongo unapokea malalamiko bila kujua vizuri yametoka mlango gani."

"Ubongo wangu mimi!" alisema Bi Funguo, kama mtu aliyesalitiwa na ndugu.

Sharti moja lilimtia unyonge kuliko mashine yenyewe. Tangu siku moja kabla ya kipimo hakuruhusiwa chai, kahawa, kakao wala soda nyeusi, kwa kuwa vyote huizuia ile dawa isifanye kazi yake. Kinyozi, kwa mapenzi, akaapa kwamba naye hatakunywa. Kufikia mchana alikuwa na kichwa kinachogonga kama nyundo, na mteja mmoja akaondoka na mstari wa nywele uliopinda kuelekea sikioni.

"Kunywa chai yako, baba watoto," Bi Funguo alimwambia kupitia kidirisha. "Utawaharibia watu sura."

"Sinywi."

"Basi funga duka."

Akafunga duka.

Hospitalini walipokelewa na mpiga picha, mwanamke wa makamo mwenye mwendo wa haraka na sauti ya kutuliza watoto. Kazi yake ya kwanza haikuwa picha, bali maswali, na safari hii Bi Funguo akajikuta upande wa kujibu. Ana kifaa chochote moyoni? Aliwahi kupasuliwa? Figo zake zilipimwa? Ana chuma popote mwilini?

"Chuma nashika kila siku."

"Mwilini, mama. Kwa mfano machoni. Unafanya kazi gani?"

Alipoitaja, mpiga picha akaacha kuandika. Bi Funguo akakumbuka kwamba zamani chenga ya chuma iliwahi kumrukia jichoni kutoka kwenye mashine ya kuchongea. Ilitolewa zahanati, akasahau.

"Ilitoka yote?"

"Sasa hiyo nitajuaje?"

"Wala mimi. Ikiwa kimebaki hata kipande kama punje ya mchanga, ile sumaku inaweza kukisogeza, na jicho halina mbadala. Twende kwanza tukalipige eksirei."

Kinyozi akakaa kwenye benchi, roho mkononi, akisoma kwa mara ya tano tangazo la kunawa mikono. Jicho likaonekana safi. Kisha ikaja zamu ya kuvua. Zikatoka hereni, pete, vibanio vya nywele, mkanda, saa. Mpiga picha alipomuuliza kama basi amemaliza, Bi Funguo akasita, akageukia ukutani, akaingiza mkono kifuani na kutoa kindoano chembamba cha waya.

"Hiki nini tena?"

"Cha dharura. Mtu akijifungia nje nikiwa sokoni."

Mpiga picha alicheka hadi akashika meza. "Kuna kingine?"

"Kuna ufunguo wa nyumbani mfukoni, lakini huo wa shaba. Shaba haivutwi na sumaku."

"Nakuamini, mama. Na hauingii. Siku nikianza kubishana na kila mtu kuhusu chuma chake, siku hiyo kitu kitaruka humo ndani."

Bi Funguo hakubisha. Hata hivyo aliuliza kama sumaku ile huzimwa jioni, akaambiwa haizimwi kamwe, usiku na mchana inavuta. Jambo hilo lilimshangaza kuliko yote.

Chumba kilikuwa cha baridi. Katikati ilikaa mashine nyeupe yenye tundu refu, na mbele yake kitanda chembamba. Wakambandika vinasa vya umeme kifuani ili mashine ijue kila pigo la moyo lilipoangukia. Wakamchoma sindano za dripu mikono yote miwili, mmoja wa dawa ya kuuhangaisha moyo, mwingine wa dawa ya kung'aa. Wakamlaza, wakamwekea kifuani kitu kama sinia pana, wakamvalisha vizibo vya masikio vyenye spika, na kiganjani wakampa kijipira.

"Ukizidiwa, minya. Nitakuja mara moja. Na nikikwambia toa pumzi uzuie, zuia hapo hapo ilipoishia, usivute tena mpaka nikuruhusu."

Bi Funguo akapiga moyo konde, kitanda kikamwingiza tunduni.

Dari ya tundu ilikuwa karibu na pua yake. Hakuogopa; alishawahi kujipenyeza kabatini kufungua sefu kwa nyuma. Kilichomshtua ni kelele. Mashine iligonga, ikakoroma, ikapiga milio mifupi mifupi, kisha ikabadili mdundo kana kwamba imepewa zamu fundi mwingine. Kati ya mlio na mlio sauti ya mpiga picha ilikuja masikioni: vuta, toa, zuia. Bi Funguo akazuia. Kuzuia pumzi baada ya kuitoa ni kazi ngumu kuliko mtu anavyodhani. Kifua kinaomba, nawe unakinyima. Akaanza kusikiliza ili asahau kuomba. Akagundua kwamba milio mingine ilifuata mapigo yake mwenyewe. Moyo ulipokwenda haraka, ikaharakisha, ulipotulia, ikatulia.

"Mama, sasa tunaanza ile dawa. Daktari yuko hapa nami. Utahisi joto, kifua kitakuwa kizito, utahema. Itapita."

Joto likampanda usoni kama aliyefunua sufuria inayochemka. Moyo ukaanza kwenda mbio, ilhali hata kidole hakutikisa. Kifua kikawa kizito. Halafu, polepole, kutoka upande wa kushoto, yale maumivu yakaja. Yalikuwa yale yale, mkono ule ule ukiminya kidevu.

Hakukuwa na ngazi. Hakukuwa na kilima wala mlango wa chuma. Alikuwa amelala chali.

Aliogopa, ndiyo. Lakini juu ya woga kulikuwa na kitu kingine, ile furaha ya ajabu aliyoijua kutoka kazini, pale kitu kilichokataa kwa siku nyingi kinapojibu kwa mara ya kwanza.

"Taya!" alipiga kelele. "Ndilo! Limekuja!"

"Tumekusikia, mama," sauti ikasema, nayo kwa mara ya kwanza haikuwa tulivu sana. "Usitikisike. Vuta. Toa. Zuia."

Akazuia. Mashine ikanguruma. Mkono wake mwingine ukapoa ghafla, dawa ya kung'aa ilipoingia mshipani. Alijikaza kisabuni, machozi yakamtoka pembeni na kuloanisha vile vizibo vya masikio, asiweze kuyafuta. Kisha akaambiwa apumue, dawa imesimamishwa, na kabla hajapumua mara nyingi, ule mkono ukamwachia kidevu, joto likashuka, moyo ukarudi mwendo wake wa siku zote.

"Upo, mama?"

"Nipo. Mmelipata?"

"Majibu atakupa daktari wako. Lala tu, bado tuna kazi. Tunataka picha za moyo uliopumzika, tuzilinganishe."

Alipotoka, mumewe alimwinukia kutoka kwenye benchi na kumkagua uso mzima, kama anayetafuta nywele iliyosahauliwa na wembe.

"Walikufanya nini? Nimekusikia ukipiga kelele."

"Wamenipandisha ngazi nimelala," alisema Bi Funguo. "Nitakueleza. Kwanza chai."

Siku ya majibu daktari aliwageuzia kompyuta. Hakukuwa na rangi, kulikuwa na kijivu tu, na katikati pete nene iliyojikunja na kujikunjua. Bi Funguo alihitaji muda kuelewa kwamba ile pete ni yeye.

"Tazama, dawa inaingia," alisema daktari.

Weupe ukajaa katikati ya pete, kisha ukaanza kupenya kwenye ukuta wake, ukaung'arisha pande zote. Isipokuwa upande mmoja, wa mbele. Pale ukuta ulibaki mweusi, kipande chenye umbo la mwezi mchanga, wakati jirani zake wote wamekwisha ng'aa.

"Hapa moyo ulipokuwa unahangaika," akasema. "Na hapa ulipopumzika." Akafungua picha ya pili. Weupe ukaingia, ukaenea kote, na ule mwezi haukuwepo.

"Rudisha," alisema Bi Funguo. Daktari akarudisha. "Rudisha tena."

Walirudisha mpaka kinyozi akakohoa. Alikuwa hatazami kompyuta, alimtazama mkewe.

"Kwa hiyo kikipumzika kinatosheka," Bi Funguo alisema taratibu, "kikifanya kazi kinalala njaa."

"Ndivyo. Mshipa unaolisha upande huo umekuwa mwembamba. Sasa tazama hii ya mwisho, ndiyo iliyonifurahisha. Nyama iliyokufa inaacha kovu, na kovu hubaki jeupe kwenye picha hii. Unaona jeupe popote?"

Akatafuta, pua ikikaribia kioo. "Sioni."

"Hakuna. Kipande kina njaa, lakini kizima. Hakijafa hata kidogo. Ndiyo maana inafaa tukifungulie njia."

Hapo kinyozi akatoa leso, akajifanya anafuta jasho.

Swali lililomtoka Bi Funguo halikuwa lile walilolitegemea. "Daktari, baba yangu alianguka kutoka kwenye ngazi ya mbao akiwa kazini. Walisema ameteleza. Lakini mwaka ule mzima alikuwa analalamika kiungulia. Akitembea kinamshika, akikaa kinamwachia. Tulikuwa tunampa maziwa." Akatazama ile pete iliyosimama kwenye kioo. "Ulikuwa moyo?"

"Inawezekana. Siwezi kusema ndiyo, mama, hakupimwa. Ila umenieleza jambo la maana. Una ndugu?"

Alikuwa na kaka mmoja, fundi redio. Jioni ile alimpigia simu na hakumpa nafasi ya kujitetea. Kaka akapimwa, akakutwa na mafuta mengi kwenye damu, akaanzishiwa dawa, akamshukuru dada yake kwa maneno machache na manung'uniko mengi.

Yeye mwenyewe alifunguliwa njia wiki chache baadaye. Waliingia kwa mshipa wa kifundo cha mkono, na mrija mwembamba kama uzi wa mvuvi ukapelekwa hadi moyoni. Alikuwa macho, na safari hii alimwona adui mwenyewe kwenye kioo: mshipa wa upande wa mbele, umenyauka sehemu moja kama shingo ya kibuyu. Wakaupanua kwa kijiputo, wakaacha ndani yake kijibomba cha wavu ili usinywee tena. Aliuliza kama kitapata kutu. Daktari aliyeshika mrija akamwomba kwa heshima zote asimchekeshe mpaka amalize.

Dawa alipewa za kumeza kila siku, na onyo la chumvi na mafuta. Akaambiwa atembee. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya maduka kufunguliwa, watu walizoea kuwaona wawili wale wakizunguka uwanja wa shule, mke mbele, mume nyuma akilalamika kwamba yeye hakuandikiwa na daktari yeyote.

Alipokwenda kuonwa tena, daktari alimsikiliza kifua, akamuuliza kuhusu ngazi, kilima na mlango wa chuma, akaridhika.

"Hatupigi picha nyingine ya MRI?" Bi Funguo aliuliza.

"Hakuna haja. Unaendelea vizuri."

Uso ukamshuka. Daktari alisema baadaye kwamba hakuwahi kumpa mgonjwa habari njema akasikitika namna ile.

"Basi nijibu moja tu. Sumaku yenu haizimwi. Na moyo je? Unapumzika saa ngapi?"

"Kila baada ya pigo," alisema daktari. "Kidogo sana, lakini unapumzika. Na hapo ndipo nyama yake inapopata sehemu kubwa ya damu yake. Ukijikunja unaulisha mwili, ukilegea unajilisha wenyewe."

Bi Funguo aliliwaza jambo hilo hadi nje ya lango. Mumewe alikuwa anasubiri kivulini na mfuko wa dawa. Akamweleza lote, neno kwa neno, la moyo kula wakati wa kupumzika.

"Huo uongo," alisema kinyozi. "Kwa nini usile wakati wa kazi, wakati ndio una njaa?"

Bi Funguo akasimama katikati ya njia. Hilo hakuwa amelifikiria. Akageuka, akalitazama lango la hospitali, na mumewe akamwahi mkono kabla hajaanza kurudi.